Nyumbani Baada ya Kubadilishiwa Vali ya Moyo: Wiki za Kidari, Miaka ya Warfarini

Mgonjwa aliyebadilishiwa vali ya moyo, mambo yakienda vizuri, huruhusiwa kurudi nyumbani baada ya siku 7 hadi 10 hivi. Wengine hukaa zaidi. Siku hiyo ngozi ya kifuani imekwisha kushikana, lakini mfupa uliopasuliwa chini yake bado haujaunga. Anatoka wodini na karatasi ya ruhusa, mfuko wa dawa na tarehe ya kliniki. Kuanzia hapo wauguzi wake ni mke, mama, kaka au shangazi aliyempokea mjini, watu wenye mapenzi makubwa ambao mara nyingi hakuna aliyewafundisha kazi hiyo.

Mwongozo mwingi unaosambazwa duniani kuhusu wiki hizo uliandikwa kwa ajili ya mgonjwa wa namna nyingine: mzee wa Ulaya au Marekani mwenye mishipa ya moyo iliyoziba. Afrika Mashariki sehemu kubwa ya wanaobadilishiwa vali ni vijana na watu wa makamo, wengi wao wanawake, ambao vali zao ziliharibiwa na homa ya baridi yabisi. Ugonjwa huo huanza utotoni kwa maambukizi ya koo yasiyotibiwa, hunyamaza kwa miaka, kisha huibuka kama kukosa pumzi, kuvimba miguu, au kuzidiwa wakati wa ujauzito. Mgonjwa wa aina hii haulizi lini ataendesha gari lake. Anauliza lini atabeba ndoo, lini atapanda bodaboda, lini atamweka mwanawe mgongoni.

Tena amepasuliwa mbali na kwake. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoko katika eneo la Hospitali ya Taifa Muhimbili jijini Dar es Salaam, hupokea wagonjwa wa mikoa yote; Uganda wana Taasisi yao ya Moyo huko Mulago, Kampala; Kenya, mbali na Nairobi, upasuaji wa vali hufanyika pia katika Hospitali ya Tenwek, Bomet. Mgonjwa akisharejea kijijini, mhudumu wa zahanati atamwona mara nyingi kuliko daktari aliyeushika moyo wake. Kwa sababu hiyo maelezo yanayofuata ni ya mgonjwa na ya mhudumu huyo kwa pamoja.

Mfupa wa kidari

Ili kuufikia moyo, daktari huukata mfupa wa kidari kwa urefu na kuzitenganisha pande zake mbili. Kazi ikiisha, pande hizo hurudishwa mahali pake na kufungwa kwa nyaya za chuma cha pua, ambazo kwa kawaida hubaki mwilini maisha yote. Nyaya haziungi mfupa. Huzizuia tu pande mbili zisisogee wakati mfupa mpya unajijenga. Ujenzi huo huchukua wiki 6 hadi 8 kufikia hatua ya kuaminika, na takribani miezi 3 kabla mfupa haujawa na nguvu za kutosha kwa kazi nzito.

Familia hukosea kwa njia mbili zilizo kinyume. Wapo wanaomfanya mgonjwa yai: haamki, hatembei, analishwa kitandani. Wapo wanaoona mshono umekauka wakasema amepona, na wiki ya nne yuko shambani. Kosa la kwanza huleta nimonia, damu kuganda miguuni na misuli kunyong'onyea. La pili huufungua mfupa. La pili hutendeka zaidi penye uhitaji, na si haki kumlaumu mgonjwa peke yake pale ambapo nyumba nzima ilikuwa ikitegemea mikono yake. Afadhali mgawanyo wa kazi ujadiliwe na ndugu kabla ya siku ya ruhusa, jina kwa jina: nani atachota maji, nani atapika, nani ataenda sokoni.

Kipimo cha kawaida ni kutoinua kitu kinachozidi kilo 5 kwa wiki 6 hadi 8 za mwanzo. Dumu la lita 5 likijaa limekwisha kufika kwenye mpaka huo. Ndoo ya lita 20 ni mara nne yake, na mtoto wa mwaka mmoja hukaribia mara mbili yake. Lakini uzito si jambo pekee. Kusonga ugali wa watu wanane, kutwanga, kukuna nazi, kukamua mashuka, kuvuta kamba ya kisima, kusukuma mkokoteni: kazi hizi zote huzivuta pande mbili za kidari hata kama hakuna kinachoinuliwa. Wataalamu wengi siku hizi hutazama zaidi mikono iko wapi. Mikono ikiwa karibu na mbavu, na kazi ikigawanywa kwa mikono yote miwili, mfupa haupati mkazo mkubwa. Ikinyooshwa mbali, juu au nyuma, hata kitu chepesi huumiza. Kwa hiyo kuanika nguo kwenye kamba ya juu ni vibaya kuliko kukunja nguo hizohizo mezani. Mama anayenyonyesha anaweza kumpakata mwanawe akiwa ameketi, mradi mtu mwingine amletee na amchukue. Mbeleko isubiri mpaka miezi mitatu ipite.

Kuamka kitandani nako kuna adabu yake. Mgonjwa hugeuka ubavu, huteremsha miguu ukingoni, kisha mwili huinuka kwa uzito wa miguu inayoshuka huku viwiko vikiwa karibu na mwili. Msaidizi amshike mgongoni. Asimvute kwa mikono wala asimwinue kwa makwapa. Mkeka chini haufai katika wiki hizi, kwa kuwa hakuna anayeweza kuinuka kutoka sakafuni bila kujisukuma kwa mikono. Ikiwa nyumba ina kitanda kimoja, basi kwa miezi miwili ni cha mgonjwa. Choo cha kuchuchumaa huleta shida hiyohiyo. Kiti cha mbao kilichotobolewa katikati na kuwekwa juu ya tundu humaliza tatizo, na seremala wa mtaani hukitengeneza kwa muda mfupi. Anayeswali aswali akiwa ameketi kwenye kiti, akiashiria rukuu na sijida kwa kichwa, hadi daktari atakaporidhika na mfupa.

Kukohoa na kupiga chafya kunauma, na kwa sababu kunauma wagonjwa hujizuia. Hapo ndipo makohozi hukaa mapafuni na kuzaa nimonia. Kanga iliyokunjwa mara kadhaa, au mto mdogo, ukumbatiwe kwa nguvu kifuani kila kikohozi kinapokuja. Dawa ya maumivu inywewe kwa saa zake katika wiki za mwanzo; kuvumilia maumivu hakuharakishi kupona, bali kunamfanya mtu apumue kwa hofu.

Sauti mbili kifuani

Usiku nyumba inapotulia, aliyewekewa vali ya mitambo husikia kifuani mwake mlio mkavu kama wa saa. Mara nyingine hata anayelala chumba hicho huusikia. Watu huiita vali ya chuma, ingawa vijani vyake vinavyofunga na kufunguka hutengenezwa kwa kaboni ngumu, na mlio huo ni vijani hivyo vinavyofunga. Watoto huogopa, na mgonjwa mwenyewe hukosa usingizi kwa wiki kadhaa kabla ya kuuzoea. Aelezwe kabla hajatoka hospitalini kwamba mlio ule ni habari njema. Linalotia hofu ni kinyume chake: mlio uliokuwa mkali ukififia, ukawa mzito au ukapotea, huenda damu imeganda kwenye vali na vijani havitembei. Hilo ni jambo la dharura la saa hiyohiyo, hasa likiandamana na kukosa pumzi.

Mhudumu wa zahanati asiye na mashine yoyote anaweza kuutumia ujuzi huu. Aweke sikio au kifaa cha kusikilizia kifuani kila mgonjwa anapofika, na aandike kwenye daftari lake: mlio mkali, au mlio umefifia. Mhudumu anayemsikiliza mtu yuleyule kila mwezi huujua mlio wake, na mabadiliko yakitokea huyatambua mapema.

Sauti ya pili ni ya mfupa. Haifuati mapigo ya moyo. Hutokea mgonjwa anapogeuka, anapokohoa au anapovuta pumzi, na mkono ukiwekwa juu ya kidari husikia pande mbili zikisuguana au zikicheza kama mlango uliolegea bawaba. Katika siku za mwanzo kigongo kidogo cha hapa na pale huweza kutulia chenyewe. Lakini mchezo unaoendelea, au ulioanza upya baada ya kupotea, maana yake nyaya zimelegea au kuna usaha chini ya mfupa. Wenye kisukari, wanene na wavutaji sigara hupatwa zaidi. Matibabu yake hayapatikani zahanati, na bandeji ya kukaza kifua si tiba. Mgonjwa apewe rufaa.

Kidonda

Mshono huoshwa kwa maji safi na sabuni ya kawaida, hukaushwa kwa kitambaa safi kwa kugusagusa, kisha huachwa wazi kama ni mkavu. Asali, majivu, mafuta ya nazi, dawa ya meno na unga wa vidonge vilivyosagwa visipakwe. Mwanamke mwenye matiti mazito avae sidiria laini mchana na usiku, kwa kuwa uzito wa matiti huvuta ncha ya chini ya mshono, na hapo ndipo hufumuka kwanza.

Vitabu husema wekundu ndio dalili ya maambukizi. Juu ya ngozi nyeusi wekundu hauonekani kirahisi, na kuungoja ni kuchelewa. Mhudumu apapase: joto kuliko ngozi ya jirani, uvimbe, ngozi inayong'aa, maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua, majimaji yanayolowanisha nguo. Kovu la kifuani lina tabia ya kuvimba na kuwasha baada ya miezi michache, na watu weusi hupatwa na hali hiyo kuliko wengine. Haihatarishi maisha, lakini kwa msichana wa miaka 19 si jambo dogo, na zipo sindano za kuipunguza ikiwa itashughulikiwa mapema.

Kutembea, kulala, kulia

Mazoezi ya wiki hizi ni kutembea tu. Dakika 5 mara tatu au nne kwa siku mahali tambarare, kisha kuongeza dakika chache kila baada ya siku mbili tatu, hadi nusu saa kwa mfululizo ifikapo wiki ya sita. Kipimo ni mazungumzo: anayeweza kuongea sentensi nzima huku akitembea yuko salama, anayekatika pumzi katikati ya neno apunguze mwendo. Asubuhi na jioni ni bora kuliko jua la mchana, hasa kwa anayekunywa vidonge vya kupunguza maji mwilini.

Uzito upimwe kila asubuhi baada ya haja ndogo na kabla ya chai, kama kuna mizani. Kuongezeka kilo 2 ndani ya siku mbili au tatu si kunenepa. Ni maji, na kliniki iarifiwe. Pasipo mizani, mshipi wa suruali, viatu vinavyobana na idadi ya mito ya kulalia hueleza habari hiyohiyo. Chumvi ipunguzwe, na ikumbukwe kuwa nyingi huingia kwa njia ya ng'onda, dagaa waliokaushwa kwa chumvi na viungo vya vidonge vinavyotiwa kwenye mchuzi.

Katika wiki ya pili au ya tatu mara nyingi huja jambo ambalo ndugu hawakulitarajia. Mtu aliyevuka upasuaji salama hulia bila sababu, hukasirikia watoto, husahau majina, hakuli, usiku anaota vitisho. Baadhi ya familia huamini ametupiwa kitu, au kwamba moyo uliofunguliwa umebadilisha utu wake. Huzuni na usahaulifu wa muda baada ya upasuaji mkubwa wa moyo ni jambo linalojulikana vyema na hutulia kwa walio wengi. Likizidi majuma machache, au mgonjwa akisema afadhali asingeamka, huo ni ugonjwa unaotibika na usiachwe ukapita.

Wageni nao hawana budi kutajwa. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini mwenyeji huyu haponi kwa wageni ishirini kwa siku. Ni vyema mtu mmoja wa nyumbani apewe kazi ya kupokea wageni sebuleni, kuwashukuru, na kumwacha mgonjwa alale. Mwenye mafua asiingie chumbani hata kama ni mjomba.

Warfarini

Mfupa huunga na kidonda hufunga. Jambo lisilokwisha ni dawa. Damu inapogusa kitu kisicho mwili huelekea kuganda, na vali ya mitambo, hata iliyo bora kabisa, ni kitu kisicho mwili. Tangu Albert Starr na mhandisi Lowell Edwards walipofanikisha vali yao huko Marekani mwaka 1960, aina nyingi zimebuniwa, na hakuna hata moja inayoruhusu mgonjwa kuishi bila dawa ya kuzuia damu kuganda. Mwenye vali ya wanyama, ya ng'ombe au nguruwe, kwa kawaida huitumia miezi 3 hadi 6 tu kama mapigo ya moyo yamepangika. Lakini vali hiyo huchakaa haraka katika mwili wa kijana, ndiyo maana vijana wengi huwekewa ya mitambo.

Mgonjwa mwenye simu atasoma siku moja kwamba warfarini ni sumu ya panya. Heri aambiwe kliniki kabla hajakutana na habari hiyo peke yake. Ni kweli kwamba dawa hii ilitokana na uchunguzi wa ng'ombe waliotokwa damu kwa kula majani makavu yaliyooza, kwamba iliuzwa kwanza kwa kuulia panya mwaka 1948, na kwamba ilianza kutumika kwa binadamu katika miaka ya 1950. Kinachotofautisha sumu na dawa hapa ni kipimo, na kipimo hicho kina jina: INR. Namba hii hulinganisha muda wa damu ya mgonjwa kuganda na muda wa damu ya kawaida. Asiyetumia dawa ana INR ya karibu 1. Mwenye vali ya mitambo upande wa mitrali kwa kawaida hulengwa awe kati ya 2.5 na 3.5, mwenye vali ya aota, kati ya 2.0 na 3.0. Ikishuka chini ya hapo damu huweza kuganda kwenye vali au kurushwa ubongoni na kuleta kiharusi. Ikipanda sana, damu hutoka.

Kidonge hunywewa mara moja kwa siku, saa ileile, jioni ikiwa inafaa. Kikisahaulika na kukumbukwa kabla ya usiku kwisha, kinywewe. Kikikumbukwa kesho yake, kisirudiwe. Alama iwekwe daftarini na dozi ya siku hiyo inywewe kama kawaida. Dozi mbili kwa pamoja hazifidii kitu, kwa kuwa warfarini hutenda kazi polepole: kinachomezwa leo huonekana kwenye damu baada ya siku mbili tatu. Mgonjwa asome namba ya miligramu kwenye pakiti, asitegemee rangi ya kidonge, maana rangi hubadilika kiwanda kikibadilika.

Hakuna ushauri unaopotoshwa kama ule wa mboga. Wagonjwa wengi huambiwa wasile mchicha, kisamvu, matembele wala sukuma wiki, kwa sababu majani ya kijani yana vitamini K inayopingana na warfarini. Katika nyumba ambayo mboga ya majani ndiyo kitoweo cha kila siku, agizo hilo ama halitekelezeki, ama linamnyima mgonjwa madini na nguvu anazozihitaji kupona. Ushauri sahihi ni kula kwa kiasi kinachofanana wiki hadi wiki, na daktari atarekebisha dozi kufuata mlo huo. Hatari iko kwenye mabadiliko ya ghafla: masika mboga zinapojaa bustani, kiangazi zinapotoweka, mwezi wa mfungo, mgonjwa anapohama kutoka kwa dada mjini kurudi kwao. Nyakati hizo INR ipimwe mapema kuliko tarehe iliyopangwa.

Hatari kubwa zaidi kuliko mchicha iko kwenye duka la dawa. Metronidazoli, ambayo watu hununua bila cheti kwa kila tumbo linalosokota, huipandisha INR kwa nguvu. Kotrimoksazoli na flukonazoli hufanya hivyohivyo. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini ya kutuliza maumivu huchubua tumbo na kuongeza utokaji wa damu. Kwa maumivu ya kawaida parasetamoli kwa kipimo chake ndiyo chaguo. Rifampisini ya kifua kikuu huenda upande wa pili: huishusha INR kiasi kwamba dozi ya warfarini hulazimika kuongezwa sana, na dawa za kifua kikuu zikiisha bila dozi hiyo kupunguzwa, damu hutoka. Mhudumu anayeandika dawa yoyote mpya kwa mgonjwa huyu aandike pia siku ya kupima INR, ndani ya siku 3 hadi 5. Kuhusu mizizi, unga wa mlonge, tangawizi na saumu zilizokolezwa kama dawa, tatizo ni kwamba kila chupa ina nguvu yake, na hakuna anayeweza kupanga dozi kwa kitu kisichopimika. Pombe nyingi za siku moja, ya dukani au ya kienyeji, huvuruga vilevile.

Vipo vidonge vipya vya kuzuia damu kuganda visivyohitaji kupimwa INR, na wenye uwezo huvinunua wakidhani wanajipa kilicho bora. Kwa vali ya mitambo si bora. Utafiti wa dabigatrani uliochapishwa mwaka 2013 ulisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu waliopewa dawa hiyo walipata damu kuganda na kutoka damu kuliko waliotumia warfarini. Asiibadilishe mtu.

Kwa wahudumu liko jambo moja zaidi. INR iliyopanda kwa mgonjwa asiyetoka damu kwa kawaida hushughulikiwa kwa kusimamisha dozi moja au mbili na kupima tena, kwa mashauriano na kliniki ya moyo. Kukimbilia sindano kubwa ya vitamini K huishusha kupita kiasi na kuiacha vali bila kinga kwa siku kadhaa. Anayetoka damu nyingi, anayekunya choo cheusi kama lami, au aliyeumia kichwa hata kama anaongea vizuri, hapaswi kusubiri, apelekwe hospitali.

Homa, jino na sindano ya kila mwezi

Homa ya nyuzi 38 au zaidi kwa mwenye vali ya bandia si malaria mpaka mengine yaondolewe. Hata kipimo cha malaria kikionyesha vimelea, maambukizi ya vali huweza kuwepo pamoja nayo. Kosa linaloumiza ni kutoa vidonge vya antibiotiki vya siku tano kisha vingine vya siku saba, homa ikishuka na kupanda, hadi vali imekwisha kuoza na vimelea havioti tena maabara. Damu ya kuotesha vimelea ichukuliwe kabla ya antibiotiki; mahali isipowezekana, mgonjwa asafirishwe kwanza ikiwa hali yake inaruhusu.

Vimelea wengi hutoka kinywani. Mswaki laini kila siku, na kabla ya kung'oa jino dozi ya amoksisilini ya gramu 2 kwa mtu mzima, dakika 30 hadi 60 kabla, kama hana mzio wa penisilini. Asiache warfarini kwa siku saba kwa sababu ya jino. INR ipimwe, na mng'oaji aambiwe.

Sindano ya penisilini ya kila wiki 3 au 4 huendelea. Vali mpya haikuondoa homa ya baridi yabisi. Vali zilizobaki bado zinaweza kushambuliwa, na baada ya upasuaji kinga hii mara nyingi hupendekezwa kwa maisha yote. Baadhi ya wahudumu huiacha wakiogopa damu kuvilia kwenye msuli. INR ikiwa ndani ya lengo, sindano huchomwa na mahali pake hubanwa kwa dakika kadhaa. Ikiwa imepanda, uamuzi wa kuahirisha au kuhamia vidonge ufanywe na kliniki, uandikwe.

Katika wiki 4 za mwanzo kuna hatari nyingine inayojificha. Maji au damu huweza kujikusanya taratibu katika kifuko kinachouzunguka moyo, hasa kwa anayetumia warfarini. Mgonjwa aliyekuwa akiendelea vizuri huanza kuchoka, kizunguzungu, pumzi fupi, mishipa ya shingo hutuna, shinikizo la damu hushuka na mapigo huenda mbio. Hufanana na upungufu wa damu au uchovu wa kawaida, na kumwongezea vidonge vya kukojoa humzidishia. Kipimo cha eko huonyesha ukweli ndani ya dakika chache. Mapigo yasiyo na mpangilio nayo ni ya kawaida katika kipindi hiki, lakini yakiambatana na kuzimia au kifua kubana yasisubiri tarehe ya kliniki.

Kazi, safari na uzazi

Kazi ya mezani au ya dukani huwezekana baada ya wiki 6 hadi 8. Jembe, saruji na mizigo baada ya miezi 3, kwa kauli ya daktari. Bodaboda iachwe kwa miezi hiyo mitatu, kama dereva na kama abiria, na baada ya hapo kofia ngumu si ya hiari kwa mtu ambaye damu yake haigandi upesi. Katika basi la safari ndefu kiti cha mbele au cha katikati hupunguza mitikisiko. Kile cha nyuma kabisa kiachwe. Tendo la ndoa hurudi mtu anapoweza kutembea haraka au kupanda ngazi bila kukatika pumzi, kwa wengi kati ya wiki ya nne na ya sita, kwa namna isiyoweka uzito wa mwili juu ya mikono. Watu huona haya kuuliza. Mhudumu asingoje kuulizwa.

Na kwa mwanamke, mazungumzo hayo hayaishii hapo. Warfarini huweza kumdhuru mtoto tumboni, zaidi kati ya wiki ya 6 na ya 12 ya mimba, yaani wakati ambao wengi ndio kwanza wanagundua wamekosa siku zao. Akiiacha ghafla kwa hofu ya mtoto, vali huganda na wote wawili huwa hatarini. Kwa hiyo njia ya uzazi wa mpango huchaguliwa kabla ya kutoka hospitalini: kipandikizi au njia nyingine isiyo na estrojeni, maana estrojeni huongeza kuganda kwa damu. Mimba inayotakiwa hupangwa na kliniki ya moyo pamoja na daktari wa wajawazito miezi kadhaa kabla, na aliyeshika mimba bila kupanga hufika kliniki ndani ya siku hizo hizo, akiendelea na kidonge chake hadi atakapoambiwa la kufanya. Mume, na mama mkwe pale ambapo neno lake ndilo linalosikilizwa, waitwe wasikie maelezo haya pamoja naye.